Jiko Ambalo Halikuwahi Kuwaka

Dirisha la chumba chetu cha Malindi, mtaa wa bandarini Unguja mjini, linatazama ukuta. Naanza na dirisha kwa sababu katika miezi ile ya eda hakuna kitu nilichokitazama zaidi. Ukuta ni wa nyumba ya jirani, chokaa imebanduka ikaacha mawe wazi, na kati yake na sisi kuna kichochoro ambacho mtu mwenye kikapu inambidi akipite kiubavu. Sauti za bandarini zilinifikia zote: honi ya boti ya Dar es Salaam, wachukuzi wakitaniana kwa matusi, magurudumu ya rikwama juu ya mawe. Kusikia, nilisikia. Kuona, niliona ukuta.

Mume wangu alikuwa mmoja wa wachukuzi wale. Alifia kazini, siku ya kawaida, baina ya mzigo mmoja na mwengine. Sitaandika zaidi ya hapo. Si kwamba hastahiki, ila kila nikianza kumwandika naona ninapamba, na yeye hakuwa mtu wa mapambo.

Mimi nimesoma kidogo. Niliacha skuli mapema, na mara nyingi nikirudia nilichokiandika jana naona sivyo kilivyokuwa. Kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, na anayesoma anistahamilie.

Aliyekuja kunikalisha eda ni dada yake marehemu, wifi yangu, kutoka Makunduchi, shamba, kusini ya kisiwa. Ni mkubwa kwangu kiasi cha kuwa mama yangu. Mjane katika eda hatoki, hajipaki manukato, havai rangi, wala haonwi na mwanamume anayeweza kumwoa; na wifi yangu aliyasimamia hayo yote kama askari wa mlangoni. Alinipikia, alinifulia nguo zangu nyeupe, alinikanda miguu ilipovimba kwa kukaa. Alikuwa pia akinizuia hata kusimama karibu na dirisha. "Rudi ndani kidogo," alikuwa akisema. "Huo ukuta una watu juu yake?" nilimuuliza siku moja. "Hauna leo," akajibu.

Siku za mwanzo tu alinambia lililokuwa moyoni mwake, na alilisema kwa upole.

"Ukishatoka eda, twende zetu Makunduchi. Nyumba ya ukoo ina chumba cha nyuma, kikavu. Hapa mjini utakaa na nani? Mtoto hukujaaliwa, wazee wako washatangulia."

"Nna kazi, wifi."

"Kazi gani?"

"Kuosha vigae."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Sikumlaumu. Hata mimi nilipoitwa mara ya kwanza nilicheka.

Nataka niseme hili kabla sijaenda mbele: Makunduchi si pabaya. Watu wake wakarimu, na wifi yangu hakuwa na hila yoyote. Lakini mimi nimezaliwa mjini, na kila nilipokifikiria kile chumba cha nyuma nilijiona nimo ndani yake, mke wa marehemu, mpaka na mimi niitwe marehemu. Nilichokuwa nacho cha kunizuia nisiende huko ni kazi ile moja. Nikiipoteza, sina neno la kumjibu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye magofu ya kasri moja la zamani, pwani, kaskazini ya mji. Wachimbaji walikuwa wakishuka chini kidogo kidogo kwa mwiko, na kila walichokitoa kilitiwa katika mfuko pamoja na kikaratasi cha kueleza shimo gani na kina gani. Sisi wanawake tulikaa chini ya turubai na mabeseni na miswaki, tukaosha. Mkuu wa kazi alikuwa mwanamke, Mhindi wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake safi kuliko changu. Alikuwa na shahada ya juu, basi sote tukimwita Dokta.

Vigae tulivyokuwa tukiviosha sana ni vya vyungu na sahani. Halafu shimo moja likaanza kutoa vyengine: vinene, vya mraba, vimepakwa rangi ya kijani inayong'aa kama chupa, na vina nakshi zilizotuna, majani, maua, na mahali pengine kwato za mnyama. Nyuma ya kila kimoja kulikuwa na ukingo kama wa kisanduku. Dokta alivipanga juu ya mkeka na kutueleza kuwa ni vya jiko. Katika nchi za baridi, alisema, huwekwa jiko chumbani, refu kumpita mtu, limevikwa vigae hivi toka chini mpaka juu. Moto unawaka ndani, vigae vinapata moto, na watu wanakaa pembeni wakiota.

"Chumbani?" akauliza mchimbaji mmoja. "Unguja hii?"

"Unguja hii."

"Sisi tunaiva bila ya jiko, Dokta! Huyo mfalme alikuwa na homa?"

Tulicheka sote, na Dokta pia. Hakujua lilifikaje. Pengine zawadi ya wafanyabiashara wa ng'ambo kwa mwenye kasri, alisema, pengine sivyo. Alichokuwa na hakika nacho ni kimoja: aligeuza vigae akatuonyesha kwa nyuma, udongo mwekundu, msafi. Hapana masizi. Jiko lile lilisafirishwa bahari zote hizo, halikuwahi kuwaka hata mara moja.

Sijui kwa nini lilinikaa hilo. Nilimsimulia mume wangu jioni ile, naye akasema mzigo wa namna hiyo lazima ulimvunja mtu mgongo pale bandarini, na hakuna aliyemuandika. Alikuwa akisema vitu kama hivyo halafu anaomba chumvi.

Nilipoingia eda nilidhani kazi imekwisha. Dokta alikuja kunipa pole, akakaa chini na wanawake wengine, na alipokuwa akiaga akaninong'oneza: "Ukitaka, ntakuletea ndoo hapa nyumbani. Vile vya jiko vinataka mkono wa taratibu, na wako ni wa taratibu. Hutotoka, hutoonwa na mtu."

Wifi yangu alisikia. Masikio yake mazuri sana.

"Huyo ni daktari wa nini?" akaniuliza Dokta alipokwisha kuteremka.

"Wa vigae."

"Vigae navyo vinaumwa? Mie magoti yananiua hapa, hata hakuyatazama."

Halafu akakasirika kidogo. Mjane kufanya kazi ya watu, katika eda, mume hajapoa kaburini! Lakini sharti nimwandikie na lake jema: hakukata neno peke yake. Alivaa buibui akaenda mpaka msikitini, akamuuliza shehe kupitia kwa mkewe, na akarudi akasema, bila ya kunung'unika, kwamba kazi ya mikono ndani ya nyumba haina ubaya. Toka siku hiyo dereva wa Dokta akileta ndoo na kuiacha chini ya ngazi, na wifi ndiye aliyekuwa akiipandisha, na magoti yake yale. Alikuwa akifika juu anahema. "Mawe ya baba yako haya," anasema, na kuitua.

Ndoo zile ndizo zilizonishika. Asubuhi nilitandika gunia, nikaweka beseni mbili, nikaosha kigae kimoja kimoja na kukilaza na kikaratasi chake. Nilikuwa simo Malindi wala simo edani, nimo mkononi mwangu mwenyewe. Zikimalizika nilirudi kuutazama ukuta.

Katika ndoo moja kulikuwa na kigae kizima, ukubwa wa msahafu uliofunguliwa. Sehemu ya mbele ilikuwa imegandwa na chokaa na udongo, huoni kitu. Mswaki haukufua dafu. Nilichonga ncha ya chelewa ya ufagio, nikawa napekua kidogo, naloweka, napekua. Kwanza ulitoka upinde, kama wa dirisha. Chini ya upinde ikatoka mikono miwili imeshika kizingiti. Kisha mabega. Kisha, asubuhi nyengine, uso.

Sitaueleza hapa. Nitafika. Nasema tu kwamba nilikuwa wa kwanza kuuona toka ulipofukiwa, kwa sababu shimoni ulitoka umefunikwa, na Dokta alikuwa hajauona. Mtu amesimama dirishani, ameshika kizingiti, anatazama nje. Nilikiegemeza ukutani kikauke, na siku ile nzima, lazima niseme kweli, nilikuwa na mwenzangu.

Wifi aliingia na sinia la chakula akasita.

"Nini hicho?"

"Kigae, wifi."

"Kina mtu."

"Cha zamani."

"Nakuuliza kina mtu au hakina mtu?"

"Kina mtu."

Akatua sinia. Hitima ya arobaini ya mume wangu ilikuwa inakaribia, na wanawake wangekuja kusoma katika chumba kile kile. Aliyosomeshwa utotoni katika chuo cha Kurani, na mimi nilisomeshwa hayo hayo, ni kwamba nyumba yenye sanamu malaika wa rehema hawaingii. Alilisema bila ya ukali, kwa hofu ya kweli. "Ndugu yangu tutamsomea, halafu dua zigote mlangoni?"

Nilikifunga kigae ndani ya kanga mbili nikakisukuma uvunguni mwa kitanda. Nikamwambia wifi kwamba dereva atakuja baada ya hitima, atakichukua. Akanyamaza. Nilidhani amekubali. Sasa naona alinyamaza kwa sababu alikuwa anafikiri, na sikumuuliza anafikiri nini.

Asubuhi moja kabla ya hitima nilikwenda kukoga. Choo chetu kiko chini, cha watu wengi, na mjane hutafutiwa wakati wake ili asikutane na mtu, kwa hiyo nilikaa sana. Niliporudi nilimkuta wifi amekaa kitako kwenye gunia langu, miguu ameinyoosha, uso umekunjuka kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Mbele yake kisu cha kuparia samaki, kipande cha kumbi la nazi, na kibakuli cha majivu. Kigae kiko mapajani.

"Njoo utazame," akasema. "Nshakurahisishia."

Upinde ulikuwepo. Mikono ilikuwepo, na mabega. Juu ya mabega palikuwa laini, duara, kama kiganja. Alikuwa ameukwangua uso wote kwa kisu, kisha akapasugua kwa majivu na kumbi namna tunavyosugua sufuria, mpaka pakawa hapana mikwaruzo, panalingana na pengine.

Nilipitisha kidole pale palipokuwa na uso.

"Sanamu isiyokuwa na kichwa si sanamu tena," akaendelea. "Nakshi nyengine zote sikuzigusa. Ua nimeliacha, jani nimeliacha. Sasa unaweza kukaa nacho hapa, ukakiegemeza pale ulipokuwa unapapenda, na dua zikapita. Si ulikuwa unakipenda?"

"Nilikuwa nakipenda, wifi."

"Basi!"

Nimelifikiria hili mara nyingi, na kila nikilipima naona hivi: hakufanya kwa uadui. Angekuwa na uadui angekitupa baharini, ni hatua chache tu. Alifanya ili mimi nibaki na kigae, na ndugu yake afikiwe na dua, yote mawili. Na mimi nililia mpaka akadhani namlilia mume wangu, akanikumbatia, nikalia zaidi kifuani kwa yule yule aliyeniliza. Hakuna mahali pengine pa kwenda kulia. Chumba ni kimoja.

Hitima ilisomwa, ikawa nzuri. Asubuhi iliyofuata dereva alikuja, wifi akateremsha ndoo, na kigae kikiwa ndani yake. Mimi ningempigia Dokta baada ya adhuhuri. Nilikuwa najiandalia maneno. Nikisema kweli nimemshitaki mtu anayenilisha na kunifulia. Nikisema ni mimi niliyekwangua, ni uongo, na kazi imekwenda pia. Nikinyamaza, hakuna duniani anayejua kwamba uso ulikuwepo, ila mimi na wifi. Hilo la mwisho lilinijia lenyewe na likakaa, siwezi kusema halikukaa.

Dokta aliniwahi. Simu yangu imeharibika, haisikiki mpaka uifungue kwa sauti ya chumba kizima, na wifi alikuwa pale pale anachagua mchele.

"Umekiona?" Sauti yake ilikuwa ya furaha, sijapata kumsikia hivyo. "Yule mtu wa dirishani! Hana uso! Wameuondoa zamani, tena kwa ustadi. Unaona sasa? Ndiyo maana halikuwahi kuwaka. Wameletewa jiko, wamefungua makasha, wakakuta lina sanamu. Wakajaribu kuzikwangua, wakaona haifai, wakalizika. Miezi yote natafuta sababu, kumbe wewe umenioshea!"

Mkono wa wifi ulisimama juu ya ungo.

"Dokta," nikasema.

"Naam."

"Uso ulikuwepo."



"Uliuona wapi?"

"Hapa. Nliuosha mwenyewe. Uliharibika hapa."

"Uliharibika vipi? Umeanguka?"

"Haukuanguka."

Wifi aliweka ungo chini, akaniomba simu kwa kiganja, akaishika mbali na uso wake kama sahani ya moto.

"Assalaamu alaykum. Mimi ndiye niliyeukwangua. Mimi wifi yake. Yeye alikuwa chooni."

"Wa alaykum salaam, mama. Kwa... kwa nini?"

"Kwa hayo hayo uliyoyasema wewe sasa hivi," akasema wifi. "Umeyasema vizuri, ila umekosea mtu."

Ningekuwa si mimi ningecheka. Dokta hakucheka. Alisema atakuja.

Alikuja kesho yake, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaleta na tende. Hakumgombeza mtu mzima. Alimwamkia, "Shikamoo," na wifi akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu," wakaulizana hali kwa urefu kama watu wasiokuwa na jambo baina yao. Kisha Dokta akanigeukia na karatasi nyeupe na kalamu ya risasi.

"Niliyemtegemea ni wewe," akasema. "Hasira nnayo, sikufichi. Lakini uso ule umeuona wewe tu, kwa karibu, kwa muda. Ulikuwa haujapigwa picha. Nieleze nichore. Tutaandika kuwa ni kwa maneno ya aliyeuosha. Angalau tusiupoteze wote."

Nilifahamu anachonipa. Ananipa njia ya kurudi. Nikimweleza vizuri, kazi imeokoka, na mimi pamoja nayo.

Nikafumba macho. Nikasema pua ilikuwa pana kidogo. Akachora. Nikasema jicho moja kubwa kuliko mwenzake. Mdomo umefungwa, wa mtu aliyetaka kusema kitu akaona bora asiseme. Nyusi zimekutana katikati. Kalamu ilikuwa inakwenda, na maneno yalinitoka kwa wepesi uliokuwa si wangu. Shavu la kulia, nikasema, lilikuwa na kishimo.

Wifi akavuta pumzi.

Nilifumbua macho. Dokta aligeuza karatasi anionyeshe. Hakuwa hodari sana wa kuchora, lakini kishimo cha shavuni kilikuwepo, na nyusi zimekutana.

"Ndugu yangu huyo," akasema wifi, polepole.

Alikuwa ndiye. Nyusi zile ni za mume wangu, na kishimo kile alikipata utotoni kwa jipu. Pua sijui. Jicho, nadhani lilikuwa la kigae, nadhani hivyo mpaka leo. Lakini singeweza kuapa hata kwa kope moja. Siku ile nzima niliyokuwa nimekiegemeza ukutani nilikuwa namtazama nani, sijui.

"Usiuandike," nikamwambia Dokta.

"Hata pua?"

"Hata pua. Sina hakika."

Aliitazama tena karatasi ile. Nilidhani ataichana. Aliikunja, akanipa mimi, na mimi nikampa wifi, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuitia kifuani mwake, picha ya mtu, bila ya neno lolote kuhusu malaika. Sikumuuliza. Si haki kumuuliza mtu jambo kama hilo.

Dokta aliposimama alinambia yaliyobaki, wazi wazi, na nayaandika kama alivyoyasema ili nisimuongezee wala nisimpunguzie. Ndoo hazitakuja tena. Si kwangu tu, hakuna kitu kitakachotoka kwenye magofu kwenda nyumba ya mtu yeyote, na kosa hilo la mwanzo alilihesabu kuwa lake yeye. Kigae kitaandikwa kwamba uso ulikwanguliwa siku hizi, baada ya kuchimbuliwa, bila ya jina la mtu. Mashimo yatafukiwa kabla mimi sijatoka eda. Mwakani, kama kibali kitapatikana, ataniita. "Kama," alisema, akalirudia neno ili nilisikie. Nikamwitikia. Ana haki ya kusema kama.

Baada ya hapo zilikuwa siku za ukuta. Sina cha kuandika juu yake. Nilijua chokaa imebanduka wapi na wapi. Nilijua saa ya honi. Beseni mbili zilikaa zimefunikwa mlangoni, na wifi alizipita bila ya kuzitazama, na mimi nilimtazama akizipita. Hatukugombana hata mara moja. Pengine ingekuwa nafuu. Alinikanda miguu kama kawaida, na habari ya Makunduchi akaacha kuitaja, na mimi nikaona kutokuitaja kwake ni kwa sababu hakuna haja tena: hakuna aliyebaki wa kubishana naye.

Halafu kichochoroni wakachimba mtaro wa bomba la maji. Tulisikia sururu tangu asubuhi. Wifi akavaa buibui akateremka, nikadhani amekwenda sokoni Darajani. Alirudi mapema, ngazi akizipanda moja moja na kuhema kwake kule, kanga ameifunga fundo kubwa mbele. Akaifungua juu ya gunia langu. Vigae. Vya vyungu, vya sahani, vimejaa matope.

"Hivi havina watu," akasema. "Nshavitazama kimoja kimoja pale pale, mafundi wananicheka. Osha."

"Vimetoka wapi, wifi?"

"Shimoni."

"Upande gani? Juu, au chini kabisa?"

"Vimetoka ardhini. Kwani vyengine hutoka mbinguni?"

Nilitaka kumwambia kwamba kigae kisichojulikana kilikotoka hakina faida kwa mtu yeyote, Dokta alitufundisha hivyo siku ya kwanza. Nikamtazama, buibui lina tope mpaka magotini, na ile miguu. Nikajaza beseni.

Nilipokuwa naosha alikaa mbele yangu, kisha akachukua mswaki wa pili. Nilimwonyesha: usikwangue, loweka kwanza, zungusha. Aliosha kama anavyoosha mchele, kwa ukali na uangalifu pamoja. Baada ya muda akanipa kipande kinene cha udongo, ukingo una vinundu vya kukalia chungu, na chini yake mtu amepitisha ukucha akafanya mawimbi.

"Jiko hili," akasema. "La udongo. Bibi yangu alikuwa nalo."

Nililigeuza. Kwa ndani lilikuwa jeusi, masizi yamekolea hata maji hayakuyatoa. Alilinusa.

"Hili limewaka," akasema, "wallahi limewaka mpaka likachoka."

Nilikiweka kizingitini mwa dirisha kikauke. Wifi hakunambia nirudi ndani. Honi ya boti ikalia, na ukuta ukawa pale pale.

"Makunduchi," akasema huku akisugua, bila ya kuniangalia, "kule nyuma ya nyumba tukichimba muhogo vinatoka tele namna hii. Tunavitupa."

Mswaki wangu ulikuwa unakwenda. Niliuacha uende.

"Vina nakshi?" nikamuuliza, na neno lilipokwisha kunitoka nikajua nshamjibu.